Kaka Anataka Kuibomoa Nyumba ya Babu

Mama Mshauri, shikamoo.

Nakuandikia kuhusu jambo lililotugawa watoto wanne wa baba mmoja na mama mmoja. Kila tukikaa kulizungumza tunaondoka tumenuniana. Ni nyumba ya babu mzaa baba. Aliijenga kwa matofali ya kuchoma kabla baba hajazaliwa, baba akakulia humo, na sisi sote tumelelewa humo. Baba alipofariki tukairithi wanne, na mama anaishi humo mpaka leo.

Si nyumba kubwa. Ina vyumba vinne, viwili kila upande wa ukumbi. Kuta zake ni nene kiasi kwamba mtoto anaweza kupanda dirishani akakaa amekunja miguu. Juu ya kila dirisha kuna tao la matofali yaliyosimamishwa. Nyuma kuna chumba cha tano, na matofali yake ni mekundu kuliko ya mbele. Karibu na mlango mkubwa kuna tofali moja lenye alama za vidole vinne vya mtu, zimegandia humo. Hakuna anayejua ni vya nani.

Kaka mkubwa anataka tuibomoe. Alimleta mthamini, naye akaandika kwamba thamani iko kwenye kiwanja; jengo amelithamini kwa kiasi kidogo mno kwa sababu ya uchakavu. Tangu hapo kaka hataki hoja nyingine. Anataka ijengwe ghorofa ya kupangisha, kila mmoja apate sehemu yake, mama akae chini. Sisemi ana roho mbaya. Ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya gharama za matibabu ya baba, na ana watoto wanaosoma.

Dada yangu hataki ibomolewe, ila anasema inatutia aibu ilivyo. Yeye anataka ipigwe lipu ya saruji nje yote, ipakwe rangi, madirisha ya mbao yang'olewe yawekwe ya alumini. Anaamini ikishapendeza kaka atanyamaza. Mdogo wetu wa mwisho yuko mbali, anasema atakubali tutakaloamua.

Mimi sitaki lolote kati ya hayo mawili, lakini nikitakiwa kueleza sababu maneno yananiishia. Nikisema ni urithi wetu, kaka anajibu kwamba urithi ni kiwanja. Nikisema ni nyumba ya kihistoria, ananiuliza historia gani, kwani babu alikuwa nani? Hakuwahi kuwa mtu mashuhuri, na hakuna lolote lililotokea pale ambalo liliandikwa popote.

Halafu kuna ukuta wa jikoni. Miaka ya mwisho ya uhai wake baba aliona udongo mweupe unadondoka kati ya matofali, akamwita fundi. Fundi akachimbua maungio yote kwa grinda akayajaza saruji. Ukapendeza, tukafurahi. Sasa matofali yenyewe yanabanduka uso, vipande vinaanguka, na chini kuna unga mweupe kama chumvi. Saruji ndiyo imebaki imesimama, imetokeza mbele. Kaka akija anatuonyesha ukuta ule kama ushahidi kwamba nyumba imekwisha.

Rafiki yangu mmoja amenishauri nipeleke maombi kimya kimya kwenye ofisi inayosimamia majengo ya kale. Anasema ikishaandikishwa, kaka hataweza kuigusa. Fomu ninayo, sijaijaza.

Naomba uniambie ukweli. Je, nyumba ya kawaida kama hii ina thamani yoyote ya urithi, au ni majonzi yangu ya baba tu? Ukuta ule umekwisha kweli? Na ile fomu niipeleke?

Binti wa Tatu

* * *

Marahaba, mwanangu.

Fomu iache kwenye droo kwa sasa. Nitakueleza sababu mbele, lakini nimetaka uisikie mapema usije ukaipeleka kesho asubuhi kwa hasira.

Nianze na karatasi ya mthamini, maana ndiyo inayokufunga mdomo. Mtu yule hakudanganya. Aliulizwa soko lingelipa kiasi gani, akajibu swali aliloulizwa. Jengo la zamani linapopimwa kwa soko la viwanja, mara nyingi hesabu yake inakuwa ndogo, na wakati mwingine gharama ya kulibomoa hutolewa kwenye bei. Hakuulizwa nyumba inaeleza nini, wala imejengwaje, wala inamfaa nani. Hayo hayakuwa kwenye kazi yake, kwa hiyo ukimya wa ile karatasi usiuchukue kuwa ni jibu.

Mwaka 1903 mwanahistoria wa sanaa wa Austria, Alois Riegl, alijaribu kuzitenganisha thamani ambazo watu huziona katika majengo ya zamani. Alitaja thamani ya ukale, yaani kile kinachomgusa mtu akiona miaka ilivyopita juu ya kuta; thamani ya kihistoria, yaani jengo kuwa shahidi wa wakati wake; thamani ya matumizi; na thamani ya upya, ule mvuto wa kitu kilichokamilika kisicho na doa. Alionyesha pia kwamba thamani hizi hugombana zenyewe kwa zenyewe, hasa ukale na upya. Soma tena barua yako uone. Kaka yako anashika matumizi. Dada yako anashika upya. Wewe umeshika ukale na kumbukumbu. Hakuna kati yenu asiyeona thamani katika nyumba ile. Kila mmoja anaona moja, anadhani wenzake hawaoni kitu. Mkikaa tena, anza hapo. Mwambie kaka kwamba unakubali nyumba lazima itumike na ilete faida, kisha umwombe asikilize na yale mengine.

Sasa hilo la "kwani babu alikuwa nani". Swali hili huua nyumba nyingi nzuri, na linatokana na kudhani kwamba urithi ni wa watu wakubwa tu. Nyumba ya Nelson Mandela katika mtaa wa Vilakazi, Soweto, ilijengwa mwaka 1945. Ni nyumba ndogo ya matofali mekundu, ya chini, iliyofanana na mamia ya nyumba nyingine za pale. Mthamini angeipita bila kugeuka. Inaheshimiwa leo kwa ajili ya maisha yaliyoishiwa ndani yake, na matundu ya risasi ukutani yamekuwa sehemu ya kile kinachotunzwa. Najua kaka atasema Mandela ni Mandela. Ni kweli. Ninachotaka uone ni kwamba ukubwa wa jengo na uzuri wake si kipimo pekee. Thamani ina duara zake: kuna ya taifa, kuna ya mtaa, kuna ya ukoo. Nyumba inaweza isiwahusu watu wa mbali hata kidogo, ikawa ndiyo hati pekee ya ukoo mzima. Thamani ya namna hiyo ni ya kweli, ila haiwapi watu wa nje wajibu wa kuitunza. Wajibu huo unabaki kwenu.

Na hata kwa watu wa nje, matofali ya kawaida husema mengi kuliko inavyodhaniwa. Uingereza iliyatoza matofali kodi kuanzia 1784, ikihesabu tofali moja moja. Wafyatuaji wakayafanya makubwa ili nyumba imalizike kwa matofali machache, mpaka mwaka 1803 serikali ikaweka kodi kubwa zaidi kwa yale makubwa. Kodi ilifutwa 1850. Mtu akipima tofali la nyumba ya mkulima asiyejulikana wa wakati ule, anaweza kuikuta kodi hiyo ukutani.

Alama za vidole ulizozitaja zimenifanya nisimame. Tofali huchukua alama lingali bichi, likiwa limetoka kwenye kibao cha kufyatulia na halijakauka. Aliyelibeba alilishika vibaya kidogo, likaenda tanuruni na alama zake, na moto wa nyuzi 900 hadi 1,100 hivi ukazifunga humo. Jumba la Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, kule Monticello, lilijengwa kwa matofali yaliyofyatuliwa na kuchomwa palepale, na sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na watu aliowamiliki kama watumwa. Wengi wao hawakuachiwa nafasi ya kuandika lolote, lakini kazi ya mikono yao ingalipo. Katika nyumba yenu kuna mfanyakazi mmoja ambaye hakuna kumbukumbu yake nyingine duniani isipokuwa hapo karibu na mlango. Ukipiga lipu, naye anaondoka.

Kwa hiyo kabla hamjaamua chochote, isomeni nyumba. Chukua daftari, kamera na futi kamba, uingie na mtu mmoja wa familia, ikiwezekana dada yako. Angalieni matofali yamepangwaje. Fundi wa ukuta mnene hutumia tofali la ubavu, lile refu, na tofali la kichwa, ambalo limelazwa kuingia ndani ili lishike tabaka mbili za ukuta pamoja. Kozi (yaani safu moja ya matofali) nzima ya ubavu ikifuatwa na kozi nzima ya kichwa, huo ni mpango unaoitwa wa Kiingereza. Ubavu na kichwa vikipishana ndani ya kozi moja, unaitwa wa Kiflemi, nao hutaka mkono mtulivu zaidi. Ukiona vichwa vingi, ujue babu alilipia ukuta imara wa tabaka mbili au zaidi, si ganda la tofali moja. Kisha nendeni kwenye kona ambapo chumba cha tano kinakutana na nyumba. Kama kuna mstari mmoja wa wima kutoka chini mpaka juu, na kozi za pande mbili haziingiliani, chumba kiliongezwa baadaye. Wekundu wake unaweza kuwa ni wa udongo wenye chuma kingi zaidi au wa moto uliokwenda tofauti tanuruni. Vyovyote vile ni matofali ya mkupuo mwingine. Muulize mama kilijengwa lini na kwa nini. Huenda alizaliwa mtoto, huenda kulikuwa na pesa mwaka huo. Andika asemavyo, kwa maneno yake, na umrekodi sauti.

Matao nayo yapimeni na kuyapiga picha moja moja. Tofali lina nguvu likigandamizwa, lina udhaifu likipindwa, ndiyo maana fundi wa zamani asiyekuwa na linta ya zege yenye nondo aliyasimamisha matofali juu ya dirisha ili uzito ushuke pembeni. Kwa kawaida alijenga tao juu ya kiunzi cha mbao, akasubiri likae, ndipo akakiondoa. Hii ni kazi ambayo mafundi wengi wa leo hawajawahi kuifanya.

Mkimaliza kusoma, andikeni ukurasa mmoja: nyumba hii ina maana kwa sababu gani, na maana hiyo imo katika sehemu zipi. Wataalamu wa kutunza majengo hufanya hivyo hivyo. Mkataba wa Burra, uliopitishwa Australia mwaka 1979, unataka umuhimu wa mahali ueleweke kwanza, ndipo maamuzi yafuate, na mabadiliko yafanywe kadiri inavyolazimu lakini kwa uchache iwezekanavyo. Ukurasa huo ndio utakaokusaidia ukiulizwa "kwa nini". Pia utawaonyesha vitu ambavyo havina uzito, na hivyo mnaweza kuvibadilisha bila majuto. Dari mbovu iliyowekwa juzi si urithi. Bomba la kutu si urithi. Msilinde kila kitu, mtachoka, na kaka yako atakuwa na haki ya kuwacheka.

Sasa ukuta wa jikoni, na hapa naomba unisome taratibu kwa sababu ndipo nyumba inapoumia.

Ule udongo mweupe uliokuwa ukidondoka kuna uwezekano mkubwa ulikuwa chokaa. Saruji ya Portland ilipewa hataza mwaka 1824, na ilichukua miongo mingi kabla haijawa kitu cha kila fundi. Kwa muda mrefu sana kuta za matofali zilijengwa kwa chokaa na mchanga, nyingine kwa udongo. Chokaa ni laini, na ulaini huo ulikuwa na faida. Ukuta hunyonya maji ya mvua na ya ardhini, kisha huyatoa kwa kukauka. Maungio ya chokaa yakiwa laini na yenye vitundu kuliko tofali, unyevu mwingi hutokea hapo, na chumvi zinazosafiri na maji hujitokeza hapo hapo. Chokaa ndiyo inayoliwa polepole, tofali linabaki zima. Ukishaona inadondoka baada ya miaka mingi, unajaza nyingine, basi.

Fundi aliyekuja aliziba njia hiyo. Saruji ni ngumu kuliko matofali laini ya zamani na haipitishi unyevu kwa urahisi, kwa hiyo maji yakalazimika kutokea kwenye uso wa tofali. Yanapokauka, chumvi huganda kuwa fuwele ndani tu ya uso, fuwele zinakua, uso unabanduka. Ndiyo maana saruji imesimama mbele na matofali yamerudi nyuma. Na ganda la nje la tofali, lile lililopata moto mkali zaidi, likishatoka, ndani ni laini zaidi na linaliwa haraka. Hivyo ukuta anaouonyesha kaka si ushahidi kwamba nyumba imekwisha. Ni ushahidi wa dawa isiyofaa iliyotolewa kwa nia njema. Kuta nyingine ambazo hazikuguswa zitakuonyesha tofauti. Kwaruza ungio la ukuta wa mbele kwa msumari: likitoka unga kirahisi, si saruji. Dondoshea tone la siki. Likichemka povu, hiyo ni dalili ya chokaa, ingawa jibu kamili hutoka maabara.

Kabla ya kugusa ungio hata moja, tafuteni maji yanatoka wapi. Mfereji wa paa uliotoboka, bomba linalovuja ukutani, ardhi ya nje iliyopandishwa mpaka ikapita sakafu ya ndani, sakafu ya zege iliyomwagwa kugusa ukuta: mara nyingi ugonjwa uko hapo. Ukitibu ukuta na maji yakabaki, utautibu tena. Ule unga mweupe uondoeni kwa brashi kavu na kuuzoa. Msiuoshe, kwa sababu maji yatauyeyusha na kuurudisha ndani. Na mkifuatwa na mtu mwenye mashine ya kupuliza mchanga au dawa ya kupaka tofali lisinyonye maji, mkatalieni kwa adabu. Ya kwanza inakwangua ganda la moto nililolitaja, ya pili inafungia unyevu na chumvi ndani.

Baada ya hapo tafuteni fundi mwashi aliyewahi kufanya kazi ya chokaa. Usiishie kumuuliza kama anaweza. Mwambie akuonyeshe ukuta alioufanya na uende ukauone. Saruji iondolewe kwa patasi nyembamba na nyundo, bila grinda, kwa majaribio katika eneo dogo kwanza. Ikiwa imeng'ang'ania kiasi cha kuvunja kingo za matofali, basi mahali hapo iachwe mpaka ilegee yenyewe. Kuitoa kwa nguvu kungeharibu zaidi. Inapotoka, maungio yasafishwe kwa kina kisichopungua mara mbili ya upana wake, yalowanishwe, yajazwe chokaa na mchanga msafi, kwa kawaida moja kwa tatu, kwa kushindilia tabaka kwa tabaka. Kisha yafunikwe magunia mabichi yasikaushwe na jua, maana chokaa huwa ngumu polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa. Fundi anayetaka kumaliza jioni hiyo hiyo hafai kazi hii. Matofali yaliyoliwa sana yatolewe yawekwe mengine ya ukubwa na ulaini ule ule. Kama kuna nyufa zinazopita kwenye matofali yenyewe, au ukuta umetoka kwenye timazi, hapo ni kazi ya mhandisi wa majengo, siyo ya fundi wala yangu.

Umeshaona lipu ya dada itafanya nini. Itafanya nyumba nzima iwe ukuta wa jikoni, na safari hii hamtaona ugonjwa mpaka lipu ianze kuvimba na kudondoka vipande. Lakini usimrudishie dada "hapana" tupu. Anachokitaka, nyumba isionekane imetelekezwa, ni haki yake, na kinapatikana. Paa lirekebishwe, mifereji izibuliwe, mbao za madirisha zikwanguliwe, zizibwe na kupakwa rangi, vioo vilivyovunjika vibadilishwe, majani na mizizi iliyoota kwenye kuta iondolewe, ndani kupakwe chokaa nyeupe. Nyumba ya matofali ikishafanyiwa hayo hupendeza bila kufunikwa. Ningempa dada asimamie kazi hiyo, kwa sababu ana jicho na ana hamu, na nyumba inahitaji vyote viwili.

Kwa kaka, nenda na hesabu. Mwombe mkadirie mambo matatu kwa bei za watu mtakaowachagua pamoja: kubomoa na kujenga upya, kukarabati ilivyo, na kukarabati huku mkijenga vyumba vya kupangisha nyuma ya kiwanja, kama nafasi inaruhusu. Hilo la tatu ndilo ninaloliona limekosekana kabisa katika mabishano yenu. Katika hesabu ya kubomoa, msisahau gharama ya kubomoa kwenyewe, kodi ya kumpangishia mama wakati wa ujenzi, na riba kama mtakopa. Fedha alizotumia kwa matibabu ya baba zizungumzwe peke yake, ziandikwe, na muone mtamfidiaje. Nahisi uchungu wa jambo hilo umeingia kwenye matofali bila mtu kuutaja.

Na mwanangu, katika barua yako yote sikuona mama anataka nini. Umeniambia kaka, dada, mdogo wenu, hata rafiki yako. Mama anayelala humo kila usiku ametajwa kama mtu wa kuwekwa chini ya ghorofa. Kamuulize, peke yake, bila kaka na bila wewe kumwelekeza jibu. Pengine atasema kazi za nyumba ile zinamchosha, pengine atasema hataki kufa mahali pengine. Lolote atakalosema lina uzito kuliko langu.

Nirudi kwenye fomu. Kuandikishwa kwa jengo hakuna maana moja kila mahali. Marekani, rejista ya taifa iliyotokana na sheria ya mwaka 1966 ni heshima zaidi kuliko kufuli: jengo la mtu binafsi likiorodheshwa humo, kuorodheshwa peke yake hakumzuii mwenyewe kulibadilisha au kulibomoa kwa fedha zake. England ni kinyume. Jengo likishaorodheshwa, ulinzi unaingia mpaka ndani, na kulibadilisha kwa namna inayogusa hadhi yake bila kibali ni kosa la jinai. Kwa hiyo rafiki yako anaweza kuwa sahihi au amekosea kabisa, kutegemea sheria ya nchi yenu. Nenda ofisini uulize, bila kuacha maombi: jengo likiandikishwa mwenye nyumba anazuiwa nini, anasaidiwa nini, nani anaomba kibali, na je, warithi wote hutakiwa kusaini? Omba pia wakuambie wanapima kwa vigezo gani, ulinganishe na ukurasa mliouandika.

Lakini hata kama sheria inaruhusu mmoja wenu kuomba peke yake, usifanye kwa siri. Nyumba ni ya wanne. Kaka akigundua kwamba umemfungia mlango nyuma ya mgongo wake, hatatoa senti ya ukarabati, na nyumba iliyolindwa kwa karatasi huku hakuna anayezibua mfereji itaanguka yenyewe ndani ya misimu michache ya mvua. Nimeona majengo yaliyoandikishwa yakioza hivyo, wenyewe wakisubiriana. Peleka jambo hilo mezani, pamoja na majibu ya ofisi, kaka akiwepo na mdogo wenu akiwa kwenye simu. Huyo mdogo asiachwe ajifiche nyuma ya "mtakaloamua". Ni mrithi, aseme. Mkikubaliana, lolote mtakalokubaliana liandikwe na lisainiwe na wote: nani anaishi, nani analipia paa, mwenye kutaka kuuza sehemu yake atawapa nani nafasi ya kwanza.

Inawezekana mkafanya yote haya na bado wenzako watatu wakaamua ibomolewe. Nisingekudanganya kwamba hilo haliwezi kutokea. Hapo dai mambo mawili na usiyaachie. Kwanza, nyumba ichorwe ramani kwa vipimo na kupigwa picha kila upande kabla nyundo haijainuliwa, na nakala apate kila mmoja. Pili, ibomolewe kwa mkono. Matofali yaliyojengewa chokaa hukwanguka yakatoka mazima na kujengewa tena, tofauti na yale ya saruji ambayo huvunjika, kwa hiyo hata kaka atapata akiba ya kweli ndani yake. Lile la vidole litoke la kwanza.

Ila hamjafika huko. Anza na mfereji wa paa juu ya jikoni, wiki hii, kabla ya kikao chochote. Hilo halihitaji ruhusa ya kaka.

Mama Mshauri